Tupeane uzoefu: walikuja kufanya utafiti kwako, je, ripoti uliwahi kuiona?

Mama Mihogo: Mwangaluka wakuu. Nalima mihogo Misungwi. Miaka michache iliyopita alikuja kijana wa chuo na daftari lake, akahesabu majani yenye madoa, akang'oa mashina, akakatakata mizizi, akaniuliza maswali mpaka idadi ya watoto. Akaahidi kurudisha majibu. Simlaumu sana, wakihitimu hutawanyika. Ila mizizi yangu iliendelea kuoza.

Juzi mpwa wangu aliyeko Morogoro akaniambia SUA, chuo kikuu cha kilimo, wanaweka tasnifu za wanafunzi mtandaoni, unasoma bila kulipa. Tukaandika "mihogo", tukaambulia patupu. Tukaandika kwa Kiingereza, zikamwagika! Ya kijana wangu sikuiona, lakini nyingine ilinifumbua macho: ugonjwa wa michirizi kahawia si kama batobato inayoonekana kwenye majani, huu unaweza kuozesha mzizi huku majani yanapendeza. Na mimi kila msimu nilikuwa nachagua pingili kwenye mashina yanayopendeza, nagawia na majirani. Kumbe nagawa ugonjwa. Mpaka leo naona haya. Na Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, iko pua na mdomo, sikuwahi kwenda kuuliza.

Wenzangu, ninyi mlizipataje?

Sato wa Luchelele: Mimi nafuga samaki kwenye vizimba ziwani. Nilitafuta makala kuhusu sato kufa kwa kukosa hewa majini, nikaikuta, ikasema lipa dola 35. Ziwa letu, samaki wetu, dola 35! Rafiki akaniambia mwandishi hapati hata senti kwenye hiyo pesa, ni ya mchapishaji, mwandikie mwenyewe barua pepe. Nikaandika mistari mitatu. Kesho yake akanitumia yote, tena na salamu.

Mtu wa Kirumba: Mimi nilipakua tasnifu, bando likaisha kwenye ukurasa wa shukrani. 😂

Bwana Shamba Mstaafu: Tusiwaonee watafiti. Kuna majarida yanayosomwa bure kwa sababu mwandishi ndiye aliyelipia, na ada inaweza kupita dola 1,000. Mshahara gani huo? Njia nafuu ni kuweka nakala yake kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, kama hiyo ya SUA. Wachapishaji wengi huruhusu, wengine kwa sharti la kusubiri miezi 6 au 12. Kuna pia AGORA, mpango wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), tangu 2003, unafungua majarida ya kilimo kwa nchi kama yetu. Lakini mlango wake ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiwa karibu na maktaba ya chuo, ingia uombe. Mimi niliwahi kufukuzwa na mlinzi, nikarudi nimevaa tai.

Mama Mihogo: Tai! Haya mkuu, lakini hata ikiwa bure bado ni Kiingereza. Bila mpwa wangu ningeangalia picha tu. Kwa nini wasiandike kurasa mbili za Kiswahili, wabandike ofisi ya kijiji?

Bwana Shamba Mstaafu: Kwa sababu kurasa hizo mbili hazimpandishi mtu cheo, dada yangu.

Mkazi wa Sengerema: Dada, hiyo uliyosoma inasema tutoe wapi pingili safi?

Mama Mihogo: Ndiyo, sura ya mwisho, na mpwa kanitafsiria kwenye daftari. Jumamosi nipo mnadani, njoo na flashi. Faili ni zito.