Mafuta ya CBD na safari ya Dar es Salaam

Swali: Ndugu zangu, naishi Marekani na nimemnunulia mama mafuta ya CBD, kemikali itokanayo na mmea wa bangi, kwa ajili ya magoti yake. Je, yatamlevya, na naweza kusafiri nayo hadi Dar es Salaam?

Jibu: Kinacholevya ni THC, kemikali nyingine ya bangi, inayoshika vipokezi vya ubongo na kuvuruga kumbukumbu na mapigo ya moyo, ilhali CBD hailevyi, ingawa huweza kuleta usingizi na kugongana na dawa za kuzuia damu kuganda.

Jibu: Dada, tafadhali usiyabebe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliruhusu bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3, lakini Tanzania inakataza bangi kwa sheria ya mwaka 2015, na kichupa chenye picha ya jani lake kitakutia matatani uwanja wa ndege.

Muulizaji: Nashukuru sana, nitayaacha.