Mzee kaambiwa awekewe stenti mguuni: tukubali au tusubiri?

Mleta mada: Wakuu, habari za muda huu. Mzee wangu ana miaka 68, ana kisukari, na sigara kaiacha juzijuzi tu. Kwa miezi kadhaa shavu la mguu wa kushoto linambana akitembea. Akienda mita mia hivi anasimama na kuinama, eti anafunga kamba za viatu. Nilimshtukia siku aliyovaa ndala.

Vipimo vinaonyesha ateri ya paja imeziba. Daktari anataka kupitisha mrija kinenani, apanue mshipa kwa puto, kisha aache stenti. Dada anasema hata kesho. Baba mdogo anasema chuma mwilini ni balaa. Naombeni ushauri.

Mama Wawili: Pole sana. Mume wangu alifanyiwa akiwa macho, ganzi ni ya pale kinenani tu. Kilichomkera ni kulala chali saa kadhaa bila kukunja mguu. Stenti yenyewe ni kijiwavu cha madini, wala haisikii. Kazi iko kwenye dawa. Alipewa aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande. Hiyo ya pili akaiacha kimyakimya kwa kuwa kajiona mzima. Stenti ikaziba, tukarudi kuanza upya.

Kimbelembele: Aloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, mishipa itafunguka.

Nesi Mstaafu: Kimbelembele, tafadhali. Mguu wa mwenye kisukari unaweza kuwa umekufa ganzi, ataungua asijue.

Mleta mada, kama maumivu huja akitembea na kuisha akisimama, hamna haja ya kukimbizana. Kuna mazoezi: anatembea mpaka mguu umbane hasa, anapumzika, anaendelea, dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Wengi umbali wao huongezeka. Dawa ya kolesteroli anywe, sigara isirudi.

Stenti ya ateri ya nyonga kwa kawaida hudumu kuliko ya paja, na chini ya goti ndiko huziba upesi. Kwa hiyo mwulizeni daktari palipoziba pana urefu gani, na kama damu inafika vizuri kwenye unyayo. Pakiwa parefu sana, huenda upasuaji wa kuitengenezea damu njia ya pembeni, mara nyingi kwa vena (mshipa wa kurudisha damu kwenye moyo) yake mwenyewe, ukafaa zaidi. Figo zipimwe kwanza, maana ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei inaweza kuziumiza.

Halafu nijibu hili: usiku analalaje?

Mleta mada: Ananing'iniza mguu nje ya kitanda, anasema ndiyo anapata nafuu. Nilidhani ni joto.

Nesi Mstaafu: Basi futa habari ya wiki 12. Mguu unaouma ukiwa umelazwa na kutulia ukiteremshwa unakosa damu hata ukiwa umepumzika. Akiuning'iniza, damu inashuka yenyewe kidogo. Mguu wa hivyo unaweza kukatwa. Mvue soksi sasa hivi, tazama kisigino na katikati ya vidole.

Mleta mada: Kidole cha mwisho, upande wa ndani, kuna kidonda kama punje ya mahindi, kingo zake nyeusi. Anasema kipo tangu mwezi jana, eti kiatu kilimbana, hakutaka kutusumbua. Nimemwonyesha baba mdogo, kaenda mwenyewe kutafuta gari. Tunaondoka.