Tunaishi kwenye karavani Lubumbashi na mtoto anakuja Desemba: tubaki au turudi kupanga?

MamaWaKasapa
Jambo kwenu wote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kukaa kwenye karavani, yaani kile chumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, mwaka mzima na watoto, siyo wale wa kulala humo siku mbili za mapumziko.

Tuko Lubumbashi, upande wa Kasapa. Tulikuwa tunapanga Komini Kenya, mtaa wa hapahapa mjini. Mwenye nyumba akapandisha kodi, na kila nyumba nyingine tuliyokwenda kuona wanataka garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi mingi, tena kwa dola. Parsele yetu, yaani kiwanja, ilikuwepo tayari, ina kisima na choo cha shimo, haina nyumba. Kampuni moja ya barabara ilipofunga kambi yake ikauza karavani zake za zamani, zile zinazoingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka Afrika Kusini. Mume wangu ni fundi wa malori, akaikagua chasi na ekseli, akachukua moja. Mpango wetu ni kwamba pesa ya kodi inunue matofali, na kweli rundo la matofali ya kuchoma linakua kila mwezi. Hapo sina neno.

Neno liko kwenye maisha ya humo ndani. Juni na Julai, wakati wa baridi, tunaamka kuta zinatiririka maji kwa ndani, na chini ya godoro la watoto kukaota ukungu mweusi. Sasa Septemba joto limeingia: kuanzia saa saba mchana hakukaliki. Watoto wana miaka saba na minne, wanagombana kwa kuwa hakuna pa kutengana. Mimi na baba yao vilevile. Tukikosana kidogo, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake mpaka asubuhi.

Kubwa zaidi: nina mimba, nitajifungua Desemba, mvua ikiwa imekolea. Mama yangu atatoka Kamina kuja kunilelea mtoto. Mama hawezi kulala chumba kimoja na mkwe wake, hata kwa kuwekewa pazia. Kwetu hilo halipo. Mume wangu anasema tuvumilie hadi nyumba ifike kwenye paa. Mimi moyo unanituma nirudi kupanga. Nisaidieni mawazo.

DadaLikasi
Pole mama. Mimi nasema panga hata chumba na sebule kwa miezi sita, uzae kwa amani, kisha mrudi. Nyumba haikimbii.

Fundi_Kampemba
Mama, kabla ya kuhama, msikilizeni fundi. Nimejenga mabanda ya kambi nyingi barabara ya Likasi, na karavani inayokaa juani bila banda haikaliki, hata ungeinunua mpya. Ukuta wake ni bati la alumini nje, mbao nyembamba katikati, ubao laini ndani. Hapa kwetu, mwisho wa Oktoba, jua la saa sita linapita juu ya kichwa kabisa. Kwa hiyo mnachomwa kutoka juu kuliko kutoka ubavuni, na madirisha peke yake hayatawaokoa.

Jengeni banda la mabati juu ya karavani nzima. Nguzo za miti au za chuma, bati likae juu ya paa la karavani kwa nafasi ya mkono mzima hivi, upepo upite katikati. Lisiishie pale karavani inapoishia: livuke mita moja kila upande, na upande wa mlango livuke mita tatu au nne. Hapo mlangoni ndipo mtakapoishi. Meza iwe hapo, bukari (ugali) isongwe hapo, watoto waandike kazi za shule hapo. Karavani ibaki ya kulala na kufungia vitu. Mkishafanya hivyo ugomvi wa watoto utapungua wenyewe, maana wanapata pa kukimbilia hata mvua ikinyesha.

Banda hilohilo linaokoa paa. Karavani za zamani zinaanza kuvuja kwenye viungo vya kona na kwenye kitundu cha hewa cha juu. Maji yakishaingia yanaoza mbao za ndani wakati nje bati linang'aa. Leo hii pitisha kidole gumba kwenye kona zote kwa ndani, chini ya madirisha na karibu na sakafu. Panapobonyea pameoza, na parekebishwe kabla ya Novemba.

Jingine, mwambie mzee aangalie miguu. Ile miguu ya kona inayoshushwa kwa mpini haikuwekwa ibebe uzito, inazuia tu kuyumba. Uzito ukae kwenye matofali ya saruji chini ya chasi, karibu na ekseli, na chini yake pawekwe sakafu ndogo ya zege. Ardhi yetu ya vichuguu mnaijua: mchwa akipata mbao inayogusa udongo, hasubiri mtu.

Mkunga_Katuba
Mama, hongera kwa mimba. Mimi nazalisha, kwa hiyo nitasema ya mtoto tu.

Mtoto mchanga anaweza kulelewa kwenye karavani. Chumba kidogo hakimdhuru. Kinachomdhuru ni moshi, ukungu na mbu. Nakuuliza: mbabula, lile jiko la makaa, inakaa wapi?

MamaWaKasapa
Inakaa nje, chini ya mwembe. Lakini jirani ananiambia mvua zikianza niiingize ndani na nifungue dirisha moja.

Mkunga_Katuba
Usiiingize. Hata dakika tano za kupasha joto, hata makala (makaa) yakiwa yamebaki majivu mekundu bila moshi. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala, na kwenye chumba kidogo kilichozibwa kama hicho haamki. Wewe una mimba, na mtoto wa tumboni anaumizwa na hewa hiyo kuliko mama mwenyewe. Dirisha moja halitoshi. Baridi ikizidi, ongezeni blanketi, na mtoto alale kifuani kwako ngozi kwa ngozi.

Huo ukungu mweusi unatoka kwenye pumzi zenu. Watu wanne wakilala chumba kilichofungwa wanatoa maji mengi usiku kucha, yanagonga ukuta wa baridi, yanageuka matone. Acheni kitundu cha juu wazi kidogo na dirisha la upande wa pili wazi kidogo, hata Julai. Nguo mbichi zisikaushwe ndani. Godoro lisikae moja kwa moja juu ya ubao: piga fito chini yake zilizoachana, uliinue asubuhi lipumue, na usilisogeze likagusa ukuta. Palipoota ukungu, futa kwa maji ya javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), watoto wakiwa nje, kisha pakauke kabisa.

Chandarua kitoshe kitanda kizima, chako na cha watoto. Na maji ya kisima, kipindi cha mvua, yatieni dawa au myachemshe, hasa kama choo kiko chini ya mita thelathini kutoka kisimani. Kipindupindu kwetu siyo hadithi.

Dereva_wa_Copperbelt
Nimelala kwenye karavani za kambi miaka mingi, Zambia na huku kwetu. Kama mtatumia gesi, mambo machache. Chupa ikae nje daima, kwenye kile kisanduku cha mbele au chini ya banda. Mpira wake upinde kwa vidole: ukiona nyufa, nunua mwingine, usiufunge kwa utepe. Kutafuta panapovuja tumia povu la sabuni, kamwe usitumie kiberiti.

Na angalieni sakafuni. Karavani nyingi zina matundu madogo chini kabisa, karibu na jiko. Watu wanayaziba kwa matambara kwa sababu ya vumbi na panya. Gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutoka. Ukiziba, inajaa humo ikisubiri cheche.

Friji ya gesi, kama ipo, haifanyi kazi vizuri karavani ikiwa imeinama. Wekeni usawa kwa pima maji.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la kwetu, unapanda na kushuka, kwa hiyo msiunganishe waya wa karavani moja kwa moja bila kikata umeme. Taa na simu peke yake, paneli moja na betri vinatosha. Betri ya asidi msiishushe chini ya nusu, itakufa mapema.

MamaMzee_Ruashi
Mwanangu, wote wamesema vizuri lakini hawajagusa la mama yako.

Mama yako asipangiwe nyumba ya mbali, atakuja kukuogesha wewe na mtoto usiku na mchana. Wala mume wako asiende kulala kwa rafiki, watu watasema. Hapa Lubumbashi watu wanajenga aneksi, yaani kijumba cha pembeni, kwanza, nyumba kubwa baadaye, na nyinyi matofali mnayo. Ondoeni matofali kwenye lile rundo, mjenge chumba kimoja nyuma ya parsele, kinachotosha kitanda na mlango unaofungwa, na jiko la nje pembeni yake. Mama alale humo na wewe na mtoto siku za kwanza. Baba abaki na wakubwa kwenye karavani. Mama akirudi Kamina, chumba hicho kinakuwa cha watoto. Hakuna tofali litakalopotea. Nyumba kubwa itachelewa, na ichelewe.

Na wewe na mume wako mkikosana, mmoja atoke akae kwenye banda, mwingine amwache. Mnapangiana hilo mkiwa mmepatana, siyo siku ya hasira.

DadaLikasi
Kwa aneksi hiyo nami nabadilisha mawazo. Ila ianze sasa, mvua haitawasubiri mfikie bati.

MamaWaKasapa
Nimewasoma wote, nikamsomea na baba watoto. Amekubali aneksi, na amekubali banda litangulie, maana Oktoba iko mlangoni. Kona moja, chini ya dirisha la nyuma, kidole kinabonyea. Ameanza kubandua ubao. Kurudi kupanga tumekuacha, isipokuwa chumba kikishindwa kuezekwa kufikia katikati ya Novemba. Hapo nitapanga mahali mpaka nijifungue, na hilo naye ameliafiki.

Kwa Papa Dereva: matundu ya sakafuni tumeyaona, mawili, na moja lilikuwa limezibwa kwa sifongo tangu kambini. Tumelifungua. Lakini panya wapo wengi huku. Naweka nini?

Dereva_wa_Copperbelt
Wavu wa chuma wenye vijitundu vidogo. Wa plastiki watautafuna. Upigilie kwa chini, upande wa nje, safu moja tu, na kila baada ya wiki mbili pitisha brashi, maana vumbi la Kasapa litauziba.