Naomba ushauri: samadi ya kuku haijaiva, masika yanakaribia

Wakuu, tuta la mchicha ni mita 1 kwa 5, kichanga cha Kigamboni, maji ya kisima yana chumvi kidogo. Samadi ya kuku wa nyama yenye maranda imerundikwa wiki 6, imegeuzwa mara 2 tu (uvivu huo). Ukichimba katikati bado ina joto na amonia inachoma macho, kwa hiyo sasa hivi itaunguza miche. Maranda mabichi nayo yanakula naitrojeni, mchicha unageuka njano.

Niigeuze kila wiki mwezi mzima, au nianze na ya ng'ombe iliyoiva? Ya kuku, ndoo 1 ya lita 20 kwa tuta haitazidisha chumvi? Mvua kubwa ikiikuta kichangani, si itaoshwa yote?