Siti za Datsun 160J ya rali: sponji mpya, siti ya Subaru au baketi (siti ya mashindano inayobana mwili)?

Mtu_wa_160J: Wakuu habari zenu. Niko na 160J naitayarisha kwa rali za magari ya zamani na otokrosi (mbio fupi za kwenye udongo). Ni familia ile ile ya Datsun Violet ambayo dereva wetu wa Kenya Shekhar Mehta alishinda nayo Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, kwa hivyo sitaki kuiaibisha. Injini poa, shoki mpya, shida ni siti. Springi zimelegea, pembeni hakuna cha kunishika, nikiingia kona ya kushoto mwili wote unaenda mlangoni halafu naning'inia kwenye usukani badala ya kuuzungusha. Nifanyeje?

fundi_reksini: Usiitupe hiyo siti mkuu. Toa kava, kaza springi, tandika gunia zito juu yake ndio sponji isiliwe na waya, kisha weka sponji ngumu sio ile laini ya kochi. Pembeni mwa mapaja na mbavu unachonga vipande vigumu zaidi unagundisha, na kiunoni kidogo. Gari inabaki na sura yake na pesa hutoi nyingi.

DadaNavigeta: Kwa kwenda harusini sawa fundi 😂 ila kwa rali mimi sikai hapo. Pale kiunoni umesema kweli, lakini ukirundika sponji nene, gari ikigonga mtu anazama kwanza halafu anateleza chini ya mkanda, tumbo ndio linapokea. Na ile bawaba ya kulaza siti ni ya zamani, nani anaiamini?

Wa_Grogan: Chukua siti za Subaru zile za spoti, zimebana vizuri na mgongo hauumi safari ndefu. Shida yake reli hazilingani na sakafu ya Datsun, lazima uchomelee brakiti, na siti yenyewe ni ndefu, ukivaa helmeti unagonga keji (fremu ya vyuma ya kukukinga gari likipinduka). Pima kabla hujalipa.

BongoKona: Baketi ya faiba, ngoma imeisha. Ila angalia lebo nyuma, kama ni ya kiwango cha FIA (shirikisho la mbio za magari duniani) 8855-1999 inaisha miaka 5 tangu itengenezwe, na za mtumba nyingi unauziwa zimeshapita hahaha. Kufunga ndio kazi yenyewe, bolti za milimita 8, pointi nne kwenye bodi, chini ya sakafu bati la chuma la milimita 3, kila pointi ishike angalau sentimita 40 za mraba. Kwenye Datsun ya umri huo kwangua rangi ya sakafu kwanza uone kutu, maana baketi ya bei mbaya juu ya bati lililooza ni kazi bure. Mikanda ya mabega nayo ipite kwenye matundu ya siti ishuke nyuma, isizidi digrii 45 kutoka usawa, na bora isizidi 10, isivutwe chini wima itakuponda uti wa mgongo.

fundi_reksini: Hapo kwa kutu nakubali. Lakini baketi ukikosea saizi utalia, haina nafasi ya kusogeza nyama.

DadaNavigeta: Kweli, nyonga ndio zipimwe sio mabega. Na navigeta wako (anayekusomea njia) umpimie yake, msinunue mbili sawa kwa sababu ya ofa.

Mtu_wa_160J: Haya basi baketi, siti za zamani nazihifadhi fundi atazishona taratibu. Sakafu naanza kukwangua Jumamosi. Kuna mtu Nairobi ana baketi saizi kubwa nije nikalie tu? Navigeta wangu ni shemeji na anapenda nyama choma.