Tupeane uzoefu: ulipataje ujasiri wa kupiga picha watu usiowajua?

Mgongo Tele, Kisumu
Wadau, nina kamera ya mtumba, Canon na lenzi yake ya 50mm, mwezi wa nne sasa. Jana nilishuka ufuo wa Dunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Boti za omena, dagaa wa ziwani, zinaingia, akina mama wamejaa na karai zao, mwanga ule wa kukufanya umshukuru Mungu. Nikarudi nyumbani na picha 212. Kuzikagua: migongo, mashua, korongo, migongo tena. Uso ni mmoja tu, na huo ni wa mbwa. Nikiinua kamera mtu akageuka, mkono unashuka wenyewe, najifanya naangalia betri. Nyinyi mlivuka vipi?

Jirani wa Menengai
Kuangalia betri! Yangu imekaguliwa kuliko mgonjwa wa presha.

Kumbukumbu Chapchap, Nakuru
Nimepiga picha Nyayo Gardens miaka tisa, tangu za filamu mpaka hizi za printa ndogo inayotema picha hapo hapo. Sisi aibu hatukuwa na nafasi nayo, usipomwita mtu unalala njaa. Unawaona wanatoka kanisani, mtoto kavishwa suti na viatu vinambana: "Mama, huyu mtoto asikue bila kumbukumbu!" Wageni wa kazi walikuwa wanasimama nyuma ya mti wakilenga kutoka mbali, na hao ndio waliofukuzwa. Mimi nilikuwa nasimama katikati ya njia, kamera kifuani, albamu mkononi. Mtu akinifikia ameshaniona kitambo na ameshaamua kama anataka au hataki.

Kwa hivyo wewe Mgongo, usifike Dunga na kuanza kubonyeza. Kaa dakika ishirini. Kunywa chai. Wakichoka kukuangalia, anza.

Fundi Lenzi
Dakika ishirini mwanga umeenda! Huku ikweta ikifika saa nne kila mwenye kofia hana macho, ni kivuli tu. Mimi nasema piga kwanza, tabasamu baadaye. Hiyo lenzi ya 50 iweke sandukuni, tafuta ya 24mm inayoona pana. Weka tundu la lenzi f/8, kasi 1/500 ya sekunde, fokasi uipange mita mbili na nusu usiiguse tena. Kuanzia mita moja na nusu hadi saba hivi kila kitu kitatoka safi. Unapita kama mtu anayekwenda benki, umemaliza. Ukimwomba mtu ruhusa umeshamharibu, anasimama wima kama anapigwa ya kitambulisho.

Nyar Muuza Samaki
Fundi, huyo unayempita kama unakwenda benki ni mama yangu.

Sikutaka kuandika hapa lakini umenichokoza. Kuna mtu alimpiga akipaa samaki, hakusema hata habari ya asubuhi. Baadaye binamu yangu akamwona kwenye bango la shirika fulani, maneno chini yanaomba msaada kwa wanawake wasio na chakula. Mama amesomesha watoto watano kwa mbuta na ngege, ana nyumba ya mawe. Tulipomwonyesha alicheka mara moja, halafu hakwenda sokoni siku mbili. Mpaka leo akiona kamera anafunika beseni kwanza, ndipo uso.

Fundi Lenzi
Pole sana dada. Lakini mimi siuzii mashirika picha.

Nyar Muuza Samaki
Na yeye atajuaje, ukiwa unakwenda benki?

Jirani wa Menengai
Hapo umeshikwa.

Wakili wa Kivulini
Mnachanganya mambo mawili. Katiba, Kifungu cha 31, inalinda faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo inaacha nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa, na kwa matumizi yako ya nyumbani. Kinachowaunguza watu ni kuchukua uso wa mtu ukaufanya tangazo. Mwaka 2023 kamishna wa data alitoza klabu moja Nairobi Sh1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto. Watoto hasa, mzazi asipokuwepo, weka kamera chini.

Fundi Lenzi
Kamera yangu nzima na begi lake haifiki hata elfu arobaini. Wachukue tu.

Tuktuk ya Kondele
Mgongo, hawa hawajakuambia habari ya kanjo, askari wa kaunti. Kisumu hii kuna watu wameamka asubuhi wakakuta vibanda vyao vimelala chini. Mtu akionekana anapiga vibanda kwa mstari, wanajua tingatinga liko njiani. Siku moja nilimbeba kijana wa kamera mpaka Kibuye, amevaa reflekta eti asigongwe na boda. Alirushiwa nyanya. Nyanya nzima, si zilizooza, ndio nikajua wamekasirika kweli.

Shangwe za Shinyalu
Mimi aibu yangu iliondolewa na fahali.

Ilikuwa Jumamosi karibu na Khayega, kwenye mapigano ya mafahali. Mnaojua mnajua: bado giza, ngoma za isukuti zinalia ng'ambo ya kilima, mafahali wanaletwa na vijana wanaokimbia mbele na nyuma, filimbi, vumbi. Nilienda kupiga mafahali, watu siwawezi. Nikajipenyeza mpaka mbele. Wakakutana, pembe kwa pembe. Kuna huyu mweusi aliyekuwa amesifiwa wiki nzima. Nikabonyeza mara kadhaa, na papo hapo akageuka, akatoka mbio! Akapasua ua wa mtu, akaingia kwenye mahindi, watu juu ya miti kama matunda.

Ghafla nikasikia mwenye fahali anapaza sauti: "Ni hii kamera! Imemmulika macho!"

Jameni. Mmoja ameshika ukosi, mwingine kamba ya kamera. Nilipe fahali. Nyuma kuna anayesema nimetumwa na Waidakho, wapinzani wetu. Nawaambia haina flashi, tazameni, hapa juu hakuna kitu, nani anasikia? Mpaka mzee mmoja wa koti refu aliponyosha fimbo: "Aonyeshe."

Nikarudisha picha moja moja kwenye kioo, kidole kinatetemeka. Ya kwanza, pembe zimekutana. Ya pili, mweusi jicho liko pembeni, mguu wa nyuma umeshaanza kuzunguka, na mwenzake hata hajasukuma. Mzee akainama, akatazama sana. Akasema, "Huyu alikuwa ameshaamua kwenda nyumbani."

Watu walianguka kwa kicheko. Mwenye fahali alijaribu kujizuia, akashindwa. Baada ya hapo ikawa vita ya kioo: niko wapi mimi, nipige na mimi, mpige na babu yangu. Nilipiga nyuso nyingi asubuhi ile kuliko mwaka mzima. Aliyeshinda alichukua nakala sita. Aliyeshindwa alitaka ile ya kwanza tu, ya pembe. Ya pili akaniomba niifute.

Tuktuk ya Kondele
Uliifuta?

Shangwe za Shinyalu
Mbele yake, ndiyo.

Mwana wa Malinya
Sisi Waidakho hatuhitaji kamera kuwashinda nyinyi. Huyo mweusi namjua, alikuwa mnene tu. Fahali wa mapigano halishwi kama wa harusi.

Shangwe za Shinyalu
Njoo na wako basi.

Mwana wa Malinya
Sema siku.

Jirani wa Menengai
Hivi kweli fahali anaweza kuona haya? Nauliza tu.

Mgongo Tele, Kisumu
Wadau, mada. Nawaomba. Mimi niko na omena, sina fahali.

Dada wa Lurambi
Nikurudishe kwenye mada kaka. Kwa sisi wanawake shida ni tofauti kidogo, mwanaume ukimwomba picha anakupa picha na namba ya simu. Nilianza na akina mama wa mboga. "Mulembe mama," nanunua sukuma, nauliza za nyumbani, halafu ndipo nagusa kamera. Akikataa, namshukuru na sukuma nabeba. Nyumbani wamechoka kula sukuma.

Lakini kilichonifungua ni bahasha. Nasafisha picha chache, zile za inchi 4 kwa 6, narudi nazo wiki inayofuata. Siku ya kwanza niligawa tano steji ya boda. Nilipoondoka kulikuwa na foleni ya wanaonidai.

Fundi Lenzi
Na wakidai ya soda?

Dada wa Lurambi
Sitoi. Ukitoa leo, kesho mwenzako mwanafunzi atadaiwa ya nyama choma.

Kumbukumbu Chapchap, Nakuru
Mimi ninatoa. Amesimama dakika tano, ameacha biashara. Soda ni nini?

Fundi Lenzi
Mgongo, hata kama hunipendi, hili lichukue: omena zikianikwa zinang'aa kama bati jipya, kamera inadanganyika na kumtia mama giza usoni. Ongeza mwanga, +1 hivi. Omena ziungue kidogo, uso uonekane.

Nyar Muuza Samaki
Hilo umesema vizuri.

Mgongo Tele, Kisumu
Nimetoka Dunga sasa hivi. Nilikaa, nikanywa chai vikombe viwili, nikasema "Oyawore mama" kwa sauti iliyokatika katikati. Akauliza nimetumwa na nani. Nikasema najifundisha. Akasema basi jifundishe kwa yule, akamnyoshea kidole jirani yake, wakaanza kusukumana wakicheka.

Picha kumi na moja, nyuso nne. Jirani anadai nimempiga akipiga miayo na anataka irudiwe Jumapili, atavaa kitambaa kipya. Samaki nimenunua wa mia tano, na nyumbani sina friji.

Tuktuk ya Kondele
Niko karibu na wewe. Na nina ugali.