Naomba ushauri: nipunguze mkopo wa nyumba, nirekebishe nyumba, au nikae na akiba wakati mume anapona kiharusi?

Mwanamkeka

Habari za humu wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa wanaojua mikopo na ujenzi. Namba naziandika bila sarafu, mtanielewa tu.

Mume wangu alipata kiharusi miezi miwili iliyopita, upande wa kushoto umelegea. Ndani anatembea kwa fimbo, umbali mrefu anatumia kiti cha magurudumu.

Salio la mkopo ni 10,000,000, riba 9% kwa mwaka inayopigwa kwenye salio linalopungua, imebaki miaka 10, rejesho ni 126,700 kwa mwezi. Akiba yetu 1,800,000. Mimi naingiza 190,000. Yeye atalipwa nusu mshahara, 130,000, kwa miezi 6, baada ya hapo haijulikani. Matumizi ya nyumbani 170,000, dawa na mazoezi 45,000.

Lengo letu lilikuwa kumaliza mkopo mapema, na mwaka huu tulipanga kupeleka benki 1,000,000 kwa mkupuo. Lakini paa la bati linavuja juu ya korido, bafu lina kizingiti na vigae vinavyoteleza, na mlango wa mbele una ngazi 3. Makisio ya fundi: paa lote jipya 1,100,000, au kukarabati panapovuja 250,000. Bafu jipya pamoja na mteremko wa mlangoni 950,000. Halafu kuna benki nyingine inanishawishi nihamishie mkopo kwao kwa 8%. Nianzie wapi?

Mzee wa Riba

Pole kwa kuuguza, dada. Kabla ya ngazi na bafu, tazama mwezi wenu. Kinachoingia ni 320,000. Kinachotoka ni 126,700 + 170,000 + 45,000 = 341,700. Kila mwezi mnapungukiwa 21,700 hata kabla fundi hajagusa kitu. Nusu mshahara ikikatika, pengo linakuwa 151,700.

Sasa hiyo 1,000,000 ingewafanyia nini? Ukiipeleka leo na rejesho likabaki 126,700, mkopo unaisha miezi 18 mapema na riba inayookolewa ni kama 1,300,000. Hesabu tamu, sikatai. Ila faida hiyo unaiona mwishoni, miaka minane na nusu kutoka sasa. Mwezi ujao bado unadaiwa 126,700 ile ile, na benki haitakurudishia mkupuo wako kwa sababu dawa zimepanda bei.

Ukisema basi wapunguze rejesho badala ya muda, litashuka kwa takriban 12,700. Hata hilo pengo la 21,700 halizibiki, na riba unayookoa inashuka hadi 520,000. Wengi hawajui kwamba benki nyingine, usipoandika unachotaka, zinapunguza rejesho zenyewe. Siku utakapopeleka mkupuo andika barua: "fedha hii ipunguze deni la msingi, rejesho libaki pale pale, muda upungue," kisha udai jedwali jipya la marejesho. Na soma kwanza mkataba kama kuna faini ya kulipa kabla ya muda.

Pima akiba yako kwa miezi. Ukifanya ukarabati mdogo tu, 250,000 za paa na tuseme 90,000 za vifaa vya bafuni, unabaki na 1,460,000. Ukivuka miezi 6 ya nusu mshahara umebakiwa na kama 1,330,000, na hiyo inakubeba karibu miezi 9 mingine hata asipoingiza chochote. Ukipeleka ile 1,000,000 na bado ukafanya ukarabati huo huo, baada ya miezi 6 unabaki na 330,000. Miezi miwili na siku chache, mchezo umekwisha.

Kwa hiyo rejesho la kawaida usilikose hata mwezi mmoja, na mkupuo usimame hadi kipato cha mzee kijulikane.

Kijana wa Bima

Kabla hujajibu ile benki ya 8%, toa mkataba wa mkopo kabatini utafute ukurasa wa bima. Mikopo mingi ya nyumba ina bima ya kifo na ulemavu wa kudumu, na mingine inagusa magonjwa makubwa, kiharusi kikiwemo. Mambo ya kutazama:

- Aliyekatiwa bima ni nani: wewe, yeye, au wote wawili, na kila mmoja kwa asilimia ngapi ya deni.
- Siku za kutoa taarifa. Hapa ndipo madai mengi yanapokwama: familia inasubiri mgonjwa apone kwanza, muda unapita. Toa taarifa ya maandishi sasa, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Taarifa si dai kamili, vielelezo vinafuata.
- Maana ya kiharusi kwenye mkataba. Baadhi ya mikataba inataka upungufu uwe umedumu miezi 3 au 6, ukithibitishwa na daktari. Ndiyo maana ripoti ya hospitali iandike tarehe kilipoanza, picha ya ubongo ilionyesha nini, na mkono na mguu vilikuwa na nguvu kiasi gani. Ripoti ya mstari mmoja, "alilazwa, anaendelea vizuri", itakuangusha.

Dai likiwa linashughulikiwa, endelea kulipa. Likikubaliwa, mkataba ndio utakaosema kama kilicholipwa baada ya tarehe ya ugonjwa kinarudishwa.

Sasa hiyo 8%. Rejesho lingekuwa kama 121,300, nafuu ya 5,400 hivi kwa mwezi. Toa gharama ya kuthamini nyumba, wakili, usajili wa rehani na faini ya kutoka benki ya kwanza. Lakini hata gharama hizo si kitu mbele ya hili: ukihama, bima ya zamani inakufa pamoja na mkopo wa zamani, na bima mpya itauliza afya ya wakopaji. Mtu mwenye kiharusi cha miezi miwili atakataliwa, ataongezewa malipo, au kiharusi kitaondolewa kwenye yanayolipwa. Kwa sasa usihame.

Tibakazi

Pole dada, na hongera, kutembea kwa fimbo ndani ya miezi miwili si haba.

Sehemu kubwa ya nguvu baada ya kiharusi hurudi ndani ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha inaendelea polepole. Ukimjengea leo bafu la mtu wa kiti cha magurudumu, huenda akitimiza miezi minane tangu augue anatembea bila kiti na umechimba sakafu bure. Au kinyume chake: umejenga kwa mtu wa fimbo, kumbe anahitaji nafasi ya kiti kugeuka, duara la mita 1.5. Bafu kubwa lisubiri tathmini ya baada ya miezi 6. Mwombe mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mgonjwa kufanya tena shughuli za kila siku) aje nyumbani amtazame akitoka kitandani, akienda chooni, akioga. Ziara moja itakuonyesha zaidi ya makisio matatu ya mafundi.

Lakini kuanguka hakusubiri miezi 6. Wiki hii fanya haya:

Kizingiti cha bafu kivukwe kwa benchi la kuogea, lile ambalo miguu miwili inakaa nje ya kizingiti na miwili ndani. Anakaa nje, anateleza kwenye benchi, anaingiza miguu mmoja mmoja. Shawa iwe ya mkononi, mpira wake usipungue mita 1.5. Mkeka wa mpira wenye vinyonyeo haushiki kwenye vigae vyenye mikwaruzo au vidogo vyenye mistari mingi ya maungio. Ujaribu kwa mguu wako kwanza, ukiwa na maji na sabuni.

Choo: sehemu ya kukalia iwe sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni. Kama ni kifupi, kuna kiti cha kuongezea urefu cha sentimita 5 hadi 10. Akikaa, nyayo zote mbili ziguse chini.

Maji ya moto: upande wa kushoto huenda hausikii joto vizuri. Hita isizidi nyuzi 49, na apime maji kwa mkono wa kulia.

Mikeka midogo yote iondoke. Taa ya usiku kutoka kitandani hadi chooni. Akiwa anagonga fremu za milango kwa bega la kushoto au anaacha chakula cha upande huo wa sahani, mwambie daktari. Ubongo unaweza kuwa unausahau upande huo, na hapo reli ya kushikia ukutani peke yake haitamsaidia.

Na dawa za shinikizo la damu usizipunguze ili kuziba lile pengo la 21,700. Kiharusi cha pili kitakula akiba, mkopo na nyumba.

Fundi Pima Maji

Paa: fanya ya 250,000, usibadilishe lote kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Maji yanadondokea koridoni lakini tundu huwa juu zaidi. Yanatambaa chini ya bati au kwenye mbao, yakifika kwenye msumari yanadondoka. Fundi apande na mpira wa maji siku ya jua, mtu mwingine akae darini na tochi. Aanzie chini karibu na ukingo, amwagie eneo moja dakika kadhaa, ndipo apande kidogo. Akianzia juu, maji yatapita kote na hamtajua tundu ni lipi. Watuhumiwa wa kwanza ni mipira ya misumari iliyokauka, kofia ya paa, na mahali bati linapokutana na ukuta. Msumari uliolegea usigongwe tena kwenye tundu lile lile, weka skrubu nene zaidi yenye mpira mpya. Na kama maji yanapita karibu na taa ya korido, zima umeme wa laini hiyo hadi pakauke.

Kazi ya vumbi na kelele ipangwe saa ambazo mgonjwa hapumziki, na choo kimoja kibaki kinatumika muda wote.

Mwanamkeka

Asanteni sana, mmenifungua macho. Bima nimeikuta, tumekatiwa wote wawili, kesho napeleka taarifa. Maswali mawili yamebaki. Fundi anasema mteremko wa mita 2 unatosha kwa zile ngazi 3, na reli atafunga kwa skrubu na plagi za kawaida. Ukuta ni wa matofali yenye matundu. Pili, mambo yakibana, niombe benki wanisimamishie marejesho miezi 3?

Mzee wa Riba

Iwe silaha ya mwisho, na uiombe kabla hujachelewa hata siku moja. Ukishaingia kwenye orodha ya wachelewaji unaongea nao ukiwa umepiga magoti. Riba haisimami. Miezi 3 bila kulipa inaongeza deni kwa karibu 227,000, na ukirudi kulipa 126,700 ile ile, mkopo utaisha miezi 7 au 8 baada ya tarehe ya awali. Nafuu kidogo ni kuomba ulipe riba peke yake kwa muda huo: 75,000 kwa mwezi, deni halikui. Kwako ningesubiri hadi nusu mshahara ikatike kweli.

Fundi Pima Maji

Mita 2 ni hatari. Ngazi 3 za sentimita 15 ni kimo cha 45. Kipimo salama ni 1 kwa 12, kwa hiyo 45 × 12 = sentimita 540, mita 5 na nusu kasoro, pamoja na sehemu bapa ya mita 1.5 mbele ya mlango. Kwa mita 2 kiti kitakushinda nguvu wakati wa kushuka, na mvua ikinyesha hata wewe utateleza. Kama uwanja hautoshi, na kwa kuwa anatembea, jengeni ngazi fupi za kimo cha sentimita 10 zenye kina cha kutosha fimbo na mguu, kisha reli pande zote mbili. Pande zote mbili, dada. Reli moja ya kulia inamfaa akipanda. Akishuka, reli hiyo hiyo iko kushoto kwake, upande wa mkono usioshika.

Reli ya bafuni: plagi ya plastiki kwenye tofali lenye tundu inashika ganda jembamba tu. Siku atakapoteleza na kuning'inia, itatoka na kipande cha kigae. Tumieni boliti zinazopenya ukuta mzima zenye bamba upande wa pili, au nanga za gundi (boliti inayogandishwa ukutani kwa gundi) zenye mfuko wake wa wavu kwa matofali ya aina hiyo. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwenye kigae drili isiwekwe kwenye hali ya kugonga mpaka ipite kigae chote, la sivyo kinapasuka. Bomba la reli liwe na kipenyo cha milimita 32 hadi 38, nafasi ya milimita 38 kutoka ukutani ili mkono usikwame. Reli ya taulo si reli ya kushikia, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ya chooni iwe kulia kwake akiwa amekaa, mkono wenye nguvu.

Kabla hujamlipa, reli ihimili kilo 110. Mtu mzima mwenye mwili aikamate kwa mikono miwili, aegemee nyuma kwa uzito wake wote. Ikicheza hata kidogo, inafunguliwa na kufungwa upya.

Tibakazi

Nyongeza ya bafu, ukija kulivunja baadaye. Kosa la kawaida ni fundi kuondoa kizingiti bila kushusha sakafu, maji yanahamia koridoni. Mwambie mapema.

Fundi Pima Maji

Kweli kabisa. Sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na tabaka la kuzuia maji lipande ukutani. Kabla ya vigae zibeni tundu, jazeni maji, yakae saa 24, mpige alama ya kina kwa penseli. Yakipungua, vigae visiwekwe. Malipo yagawanywe kwa hatua, na 10% ya mwisho ibaki kwako hadi bafu litumike mwezi mzima.